Shule Inayofundisha Kusita

Kazi ya mfamasia ikifanyika sawasawa haiachi hadithi. Mtoto aliyepewa dawa ya kipimo chake hupona, akarudi kucheza uwanjani, wala hakuna anayeuliza ni nani aliyeikagua chupa ile kabla haijamfikia mama yake. Daktari husifiwa, muuguzi huombewa dua, na dawa yenyewe hukumbukwa kwa jina. Aliyesimama katikati, akapima, akatilia shaka, akapima tena, hupita bila kutajwa. Ufundi wa namna hii ni mgumu kuusifu kwa sababu matunda yake makubwa ni mabaya ambayo hayakutokea. Ukitaka kuuona, nenda unakofundishwa, ambako mikono bado ni michanga na kila hatua bado inatamkwa kwa sauti.

Mahali pamoja pa kuutazama ni Upanga, Dar es Salaam, katika Shule ya Famasia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS. Historia ya eneo hilo imepangika kwa tabaka. Hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji ilianza kuhudumia wagonjwa wa mji huo mwaka 1897, na mpaka leo zipo wodi za Muhimbili zinazobeba jina lake. Mwaka 1956 ikafunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ilikuja kuitwa Muhimbili. Mwaka 1963 kikaanzishwa chuo cha udaktari, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha tiba cha chuo kikuu. Famasia ilifika 1974, ikiwa idara ndani ya kitivo hicho.

Hesabu hiyo inasema jambo. Kwa miaka 11 nchi ilikuwa ikifundisha madaktari wa kuandika dawa huku wa kuzihakiki kwa ngazi ya shahada wakisomea ugenini. Wakati huohuo, baada ya Azimio la Arusha, zahanati zilikuwa zikisogezwa vijijini. Zahanati ikishajengwa inataka dawa, na dawa ikishafika inataka mtu anayejua imetoka wapi, imehifadhiwaje, na itaharibika lini. Jengo na daktari havitoshi. Nairobi nayo ilianza kufundisha famasia chuoni mwaka huohuo wa 1974, na Makerere ikafuata mwaka 1988. Kanda nzima ilikuwa imetambua pengo lilelile.

Kuanzia hapo shule ilibadilika pamoja na mlezi wake: Kituo cha Tiba Muhimbili mwaka 1976, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1991, kisha chuo kikuu kamili mwaka 2007. Majina yalibadilika mlangoni. Ndani, mwanafunzi wa kila kizazi alikuta kazi ileile inamsubiri: meza, mizani, kinu na mchi.

Tuanze na mizani, kwa sababu hapo ndipo tabia ya fundi huyu inapochongwa. Tuseme mwanafunzi ameagizwa apime miligramu 20 za dawa kali. Mtu wa kawaida angechota kidogo, akaweka, akasoma namba. Mwanafunzi wa famasia anafundishwa kwanza kuuliza kama mizani iliyo mbele yake ina haki ya kutoa jibu hilo. Mizani za kawaida za kuchanganyia dawa haziaminiki chini ya miligramu 100. Kosa dogo la chombo linakuwa kubwa mno likilinganishwa na kile kinachopimwa. Kwa hiyo hapimi 20. Anapima 100, anaongeza miligramu 400 za laktosi isiyo na madhara, anachanganya mpaka zinakuwa kitu kimoja, kisha katika miligramu hizo 500 anachukua 100. Ndani ya hizo 100 zimo 20 alizotaka. Amefika kwa kuzunguka, na mzunguko huo ndio usalama wa mgonjwa.

Kuchanganya nako kuna adabu yake. Gramu moja ya dawa haimwagwi katika gramu 31 za unga ikakorogwa tu, maana baadhi ya vidonge vitabeba dozi ya watu wawili na vingine havitabeba kitu. Inatiwa kwanza gramu moja ya unga juu ya gramu moja ya dawa, zinasagwa pamoja. Zimekuwa mbili, zinaongezwa mbili. Zimekuwa nne, zinaongezwa nne. Kisha nane, kisha 16, mpaka 32. Kila mara kinachoongezwa kinalingana na kilichomo kinuni. Ni kazi ya kuchosha, na mwanafunzi mwenye akili nyepesi huona upesi kwamba ingewezekana kuruka hatua. Mpishi hodari wa pilau anaruhusiwa kuamini pua yake na mkono wake. Mfamasia haruhusiwi, kwa kuwa unga uliochanganyika vibaya na unga uliochanganyika vizuri vina rangi moja, harufu moja na uzito mmoja.

Marhamu inafundisha somo jingine. Chukua marhamu ya Whitfield, dawa ya zamani ya fangasi za ngozi ambayo bado ina heshima yake: asilimia 6 asidi ya benzoiki, asilimia 3 asidi ya salisiliki, na asilimia 91 iliyobaki ni mafuta ya kubebea. Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la tano. Kwenye kibao cha kioo ni jambo la mkono. Fuwele za asidi lazima zisagwe kwanza ziwe laini kabisa, kisha zikandwe na mafuta kidogo kwa spatula, huku na kule, mpaka pasiwe na chembe inayokwaruza. Chembe moja iliyosalia itakwangua ngozi ambayo tayari inauma. Mwalimu hupaka kidogo kati ya vidole viwili, akasugua, akanyamaza. Mwanafunzi hujua kutokana na ukimya ule kama anarudia.

Ukikaa na kazi hizi muda wa kutosha unaanza kuona kinachofundishwa kwa kweli. Kinu, mizani na kibao ni vifaa vya kujengea mazoea ya kusita. Mfamasia anafundishwa kutoamini jicho lake, chombo chake, lebo iliyobandikwa na mwenzake, na zaidi ya yote jibu lililokuja upesi. Shule nyingi hutoa vyeti kwa watu wanaojua kujibu. Hii inalea watu wanaojua kuchelewa kujibu, na kuchelewa huko wanakufanya kwa utaratibu wenye namba.

Namba hizo utazikuta zaidi kwenye kidonge. Watu hudhani kidonge ni kitu kilichokwisha, kumbe ndicho chenye mitihani mingi. Vinachukuliwa vidonge 20, vinapimwa kimoja kimoja; kwa vile vinavyofikia miligramu 250 na kuendelea, visivyozidi viwili ndivyo vinavyoweza kutoka nje ya asilimia 5 ya uzito wa wastani, wala hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kutoka nje ya asilimia 10. Vingine vinatiwa katika pipa dogo linalozunguka mara 100 kwa dakika nne, vikianguka na kugongana kama vitakavyogongana ndani ya lori la kwenda mikoani. Vikipoteza zaidi ya asilimia moja ya uzito wao, vimeshindwa. Sita vinatumbukizwa katika maji ya nyuzi 37, joto la mwili, vikipandishwa na kushushwa, na kidonge kisichofunikwa hupewa dakika 15 kimeng'enyuke.

Kumeng'enyuka hakutoshi. Kidonge kinaweza kuvunjika vipande na dawa yake ikabaki imejifungia ndani ya vipande hivyo. Ndiyo maana upo mtihani wa kuyeyuka: chombo chenye mililita 900 za kimiminika, kafi inayozunguka kwa mwendo uliopangwa, na sampuli zinazochotwa kwa nyakati maalumu ili ijulikane ni kiasi gani cha dawa kimetoka na kuingia majini. Kidonge chenye dawa kamili kisichoiachia ni sawa na kidonge kitupu; tofauti ni kwamba kinakudanganya kwa gharama kubwa zaidi. Na kwa nchi za joto kuna swali la nyongeza, kwamba kidonge hicho kitakuwaje baada ya miaka miwili stoo. Dawa zinazokusudiwa kwa mazingira yetu huwekwa kwenye makabati ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75, zikakaa humo miezi na miezi, zikichunguzwa kila baada ya muda. Kuna watu ambao kazi yao ni kungoja dawa iharibike ili wajue siku ya kuiandika kwenye boksi.

Anayeona haya ni kujisumbua bure akumbuke mwaka 1937. Kampuni moja ya Tennessee, Marekani, ilitaka kuuza dawa ya salfa kwa njia ya maji, ikaiyeyusha katika daietilini glikoli. Ilipimwa ladha, harufu na mwonekano, ikapita. Sumu haikupimwa. Watu zaidi ya 100 walikufa, watoto wakiwa miongoni mwao, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha dawa mpya ithibitishwe kuwa salama kabla haijauzwa. Mtu angetarajia kosa hilo lisijirudie. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walifariki kwa figo kushindwa kufanya kazi, na dawa za maji za kikohozi na homa zenye kemikali za jamii hiyohiyo zikahusishwa na vifo hivyo. Chukua glisirini, kimiminika kinachotiwa katika dawa za maji: iliyo safi na iliyochafuliwa kwa kemikali hizo zinafanana, zote tamu, zote nzito, zote hazina rangi. Kipimo kinaweza kuzitofautisha, na kikomo kinachokubalika ni asilimia 0.1. Kinachotakiwa ni mtu wa kusimama mbele ya kila pipa na kusema, hili halijapimwa, halifunguliwi.

Tanzania nayo imejijengea milango ya kusitisha dawa mbaya. Bohari ya Dawa ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993 kununua na kusambaza dawa za umma. Mwaka 2003 ikaundwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo tangu 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwenye vituo vya mipakani na katika mikoa yamekuwa yakitumika masanduku ya maabara ndogo kutoka Ujerumani, ambayo ndani yake mna njia moja ya uchunguzi inayopendeza kuitazama kwa urahisi wake. Dawa inayoshukiwa inasagwa na kuyeyushwa, tone lake linawekwa kwenye kibao chenye tabaka jembamba la silika, pembeni linawekwa tone la dawa halali. Kibao kinasimamishwa katika kimiminika kidogo, nacho kinapanda polepole kikivuta madoa yote mawili. Chini ya mwanga wa urujuanimno, doa la kweli na doa la kushukiwa yanapaswa kuwa yamepanda kimo kimoja, na ukubwa wake ulingane. Doa likikosekana, ndani ya kidonge hamna dawa hiyo. Likiwa dogo, imepunjwa. Shughuli nzima haihitaji mashine ya mamilioni; inahitaji mkono unaodondosha tone bila kutetemeka na jicho lisilotaka kuona linachotarajia.

Kuna chumba kingine katika ufundi huu ambacho Muhimbili ina sababu ya kujivunia, nacho ni cha mimea. Mwaka ule wa 1974 hapohapo Muhimbili kilianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili, ambacho mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Tanzania, miongoni mwao E. N. Mshiu wa kitengo hicho na Keto Mshigeni, yule bingwa wa mwani, walishirikiana na akina Hedberg na Gunnar Samuelsson wa Uppsala, Uswidi, kuchapisha orodha ya mimea inayotumiwa na waganga wa Tanzania. Orodha ilitoka katika sehemu tatu, ikifuata familia za mimea: mmea, unatibu nini, sehemu gani hutumika, hutayarishwaje. Mganga aliulizwa kwa heshima, na tawi alilolionyesha likakaushwa, likabanwa kwenye karatasi, likapewa jina la kitaalamu lisiloweza kuchanganywa na lingine.

Kwa nini karatasi ile ni muhimu? Tazama mwarobaini na ndugu yake Melia azedarach. Majani yao humpumbaza mtu aliye na haraka. Ukitulia utaona kwamba jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, vijani vimepangwa pande mbili za ubua. La yule mwingine limegawanyika, kisha migawanyiko yake ikagawanyika tena. Matunda ya huyo wa pili ni sumu. Na jani likishakauka na kusagwa, umbo lote limepotea, hapo mwanafunzi hushuka kwenye hadubini kutafuta vinyweleo, chembe za wanga na fuwele za kalsiamu zinazobaki hata ndani ya unga. Kusita kulikoanzia kwenye mizani kumehamia msituni na kurudi tena kwenye kioo.

Lakini ufundi wote huu unaweza kupotea katika dakika ya mwisho, kwenye dirisha la dawa. Hapo hakuna kafi wala silika, kuna foleni. Chukua dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliichagua mwaka 2006 baada ya klorokwini na kisha sulfadoksini-pirimethamini (SP) kuishiwa nguvu. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara. Dozi ya pili haifuati saa 12 baada ya ile ya kwanza, inafuata baada ya saa nane. Zilizobaki ndizo za asubuhi na jioni. Tena sehemu moja ya dawa hiyo, lumefantrini, hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta tumboni. Mwenye homa hana hamu ya kula. Kwa hiyo swali la mfamasia, "Mama, umekula nini leo?", si udadisi wala adabu ya mazungumzo tu. Ni sehemu ya dozi. Kikombe cha maziwa kinaweza kuamua kama vidonge vile vilivyopita mitihani yote ya maabara vitafanya kazi ndani ya mtu huyu.

Mwanafunzi hufundishwa pia asiridhike na kichwa kinachotikiswa. "Hebu niambie, usiku huu utampa mtoto vingapi, na saa ngapi?" Mgonjwa akirudia kwa maneno yake, ndipo mfuko unakabidhiwa. Shahada huchukua miaka minne, na baada yake unafuata mwaka wa mafunzo kazini chini ya uangalizi. Sehemu kubwa ya mwaka huo mtu anajifunza kuuliza swali hilo kwa mara ya mia kwa uvumilivu uleule wa mara ya kwanza, mbele ya watu wanaotazama saa.

Wafamasia hawa hawawezi kuwa kila kijiji. Ndiyo sababu mwaka 2003 mkoani Ruvuma yalianza maduka ya dawa muhimu, DLDM, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Watoa dawa wake walipewa mafunzo ya wiki chache, orodha ya dawa walizoruhusiwa kuuza, na ukaguzi. Hapo ndipo dhamira ya chuo kikuu inapopimika. Shule haifanikiwi kwa kutoa wahitimu wa hospitali kubwa peke yake. Inafanikiwa pale mazoea ya mizani yanapofika, hata kwa sehemu, kwa dada wa dukani Songea anayemwambia mteja kwamba dawa hii hawezi kumuuzia bila cheti cha daktari, na kwamba kikohozi hiki kinataka kupimwa kwanza.

Wapo wanaouliza kama kinu na mchi bado vina kazi, ilhali viwanda vinatoa vidonge mamilioni kwa siku. Swali ni la haki, na jibu lake limo wodini. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Muhimbili ni moja ya vituo vikubwa vya utafiti wa ugonjwa huo barani Afrika. Haidroksiyurea, dawa inayowapunguzia maumivu, mara nyingi huja katika kapsuli ya miligramu 500. Mtoto wa kilo 10 akianzishiwa miligramu 20 kwa kila kilo anahitaji 200. Hakuna mama anayeweza kugawanya unga wa kapsuli jikoni, na vumbi la dawa hiyo si la kuvutwa puani. Anatakiwa mtu mwenye glavu, mwenye mizani aijuayo mipaka yake, anayejua kwamba mchanganyiko lazima ukue maradufu kwa maradufu. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, ilizaliwa Kilisun, losheni ya kinga ya jua iliyotengenezwa hukohuko kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa sababu losheni za madukani ni ghali na hazikuundwa kwa ngozi zao wala kwa jua letu. Kiwanda hutazama wengi. Mgonjwa aliyeachwa nje ya wengi hao hurudi kwa fundi wa mkono.

Na hata yule mhitimu ambaye hatashika mchi tena maisha yake yote, atakayekaa ofisini akipitisha mafaili ya usajili wa dawa, kinu kimemwachia kitu. Amewahi kuona marhamu yake mwenyewe ikikataa kulainika, na unga wake ukionekana sawa ilhali si sawa. Faili safi lenye mihuri yote halitamtisha wala kumlewesha. Ataomba matokeo ya mtihani wa kuyeyuka, ayasome mstari kwa mstari, na yakikosekana atalirudisha faili. Mwenye mzigo bandarini atakasirika, na mfamasia atakuwa amefanya kazi aliyosomeshwa.